Kuku wa Hong Kong, Nguruwe wa Misri

Mwishoni mwa Aprili 2009 serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote nchini wachinjwe. Walikuwa wapatao 300,000, wengi wao mali ya Zabbaleen, Wakristo wa Kikopti wanaoishi kwa kuzoa taka za Cairo. Siku amri inatoka, Misri haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa mafua mapya yaliyokuwa yamelipuka Meksiko. Wala hapakuwa na ushahidi kwamba mtu huyapata kwa kula nyama ya nguruwe, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema hivyo waziwazi. Nguruwe wakachinjwa vilevile. Miezi michache baadaye mabaki ya vyakula, ambayo wanyama wale ndio waliokuwa wakiyamaliza, yalikuwa yamerundikana katika vichochoro vya jiji. Mafua yenyewe yaliingia mwezi Juni pamoja na abiria wa ndege.

Anayetaka kuonyesha kwamba dunia huchanganyikiwa kila inapozuka homa mpya ya mafua huanza na kisa hiki, na ana haki. Wamisri walipata hasara bila kuzuia chochote. Jambo la ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo, tangu mwaka 2006, ilikuwa ikihangaika na mafua ya ndege ya H5N1, ambayo yalikuwa yakiwaua watu wake kweli, na yalitoka kwa kuku na bata wanaofugwa majumbani.

Lakini kuna kisa kingine kinachofanana nacho sana kwa sura. Mwaka 1997, huko Hong Kong, virusi vya H5N1 viliruka kutoka kwa kuku hadi kwa binadamu kwa mara ya kwanza inayojulikana. Watu 18 waliugua, 6 wakafa. Mkurugenzi wa afya wa mji huo, daktari Margaret Chan, mwanzoni alijaribu kuwatuliza wananchi kwa kusema kuwa yeye mwenyewe anakula kuku kila siku, kauli iliyomletea lawama nyingi. Desemba ilipokuwa inaisha, kuku wote wa mji, zaidi ya milioni moja, walichinjwa katika muda wa siku chache. Wafanyabiashara walilia, na wako walioona ni wazimu kuteketeza kuku wote hao kwa ajili ya wagonjwa 18. Baada ya hapo mlipuko ule ulikoma.

Ukiangalia ukubwa wa hatua peke yake, Hong Kong na Misri zote zilipitiliza. Tofauti ni kwamba Hong Kong ilipiga pale ugonjwa ulipotokea. Maabara zilikuwa zimeonyesha virusi viko kwenye kuku wa masoko, na wagonjwa wengi walikuwa wamekaribiana na kuku. Misri ilipiga jina. Ugonjwa uliitwa mafua ya nguruwe kwa sababu vinasaba vya virusi vyake vilitokana na virusi vya nguruwe, lakini ulipotufikia ulikuwa tayari unapita kutoka mtu hadi mtu, shuleni, kwenye basi, msibani. Kwa hiyo mimi sipimi taharuki kwa kelele zake. Naangalia inampiga nani, na kama kilichofanywa kinaweza kurudishwa nyuma habari zikibadilika.

Hilo la pili Wamarekani walijifunza kwa gharama. Mwanzoni mwa 1976 mafua ya aina ya nguruwe yalionekana kwa wanajeshi wa kambi ya Fort Dix, New Jersey, na mmoja wao akafa. Wataalamu walikumbuka mafua ya 1918 yaliyoua makumi ya mamilioni ya watu, na Rais Gerald Ford akatangaza kuwa taifa zima litachanjwa. Kutengeneza chanjo ilikuwa busara. Tatizo ni kwamba miezi ilipita, ugonjwa haukuonekana popote nje ya kambi ile, na bado Oktoba sindano zikaanza. Watu zaidi ya milioni 40 walichanjwa kabla ya mpango kusimamishwa Desemba, baada ya kuonekana ongezeko dogo la ugonjwa wa kupooza uitwao Guillain-Barré, kama mtu mmoja wa ziada kati ya kila laki moja waliochanjwa. Albert Sabin, yule wa chanjo ya polio ya matone, alikuwa ameshauri chanjo ihifadhiwe mpaka ugonjwa uonekane tena. Hakusikilizwa. Chanjo iliyoko ghalani inaweza kusubiri. Iliyokwisha kuingia mkononi haitoki.

Turudi 2009. Siku za mwanzo Meksiko ilitangaza vifo zaidi ya 150 vinavyoshukiwa, huku maabara ikiwa imethibitisha vichache tu. Kila aliyesoma hesabu za sehemu anakumbuka kiasi kilichoko juu na asili iliyoko chini. Katika mlipuko mpya, kiasi, yaani vifo, hujulikana mapema, kwa kuwa mahututi hufika hospitali. Asili, yaani wote walioambukizwa, haijulikani, kwa kuwa aliyekohoa siku tatu akapona haandikwi popote. Sehemu ya namna hiyo lazima itishe. Asili ilipokuja kujulikana, ilidhihirika kuwa walioaga dunia hawakufika hata mmoja kati ya elfu moja walioambukizwa. Kuna jambo lililozidisha hofu pia. WHO ilikuwa na ngazi sita za tahadhari, na 11 Juni 2009 ilitangaza ya sita. Watu walisikia sita wakaelewa ni kiama, ilhali ngazi zile zilipima jinsi ugonjwa ulivyosambaa, si ukali wake. Baadaye ngazi hizo ziliachwa, na hazijaniachia pengo.

Aliyetangaza ngazi ya sita alikuwa Margaret Chan yuleyule, wakati huo akiwa Mkurugenzi Mkuu wa WHO. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliwahi kulaumiwa kwa kutuliza, kisha mwaka 2003, katika ugonjwa wa SARS, kwa kuchelewa. Mwaka 2010 wabunge wa Baraza la Ulaya walililaumu shirika lake kwa kutia chumvi. Ufaransa nako, waziri wa afya Roselyne Bachelot aliagiza dozi milioni 94 za chanjo, wakachanjwa watu wasiofika milioni 6, akawa kichekesho cha taifa. Miaka ikapita, akiba kubwa ya barakoa iliyokuwapo enzi zake ikaachwa iyeyuke, na UVIKO-19 ulipobisha hodi mwaka 2020 Wafaransa waliamka wana barakoa za upasuaji zaidi kidogo ya milioni 100 mahali palipokuwa na karibu bilioni moja. Magazeti yaliyomcheka yakaanza kumsifu.

Kwetu Afrika swali la kama hofu ilipita kiasi lina sura nyingine kabisa. Agosti 2010, WHO ilipotangaza kuwa janga limekwisha, vifo vilivyothibitishwa na maabara duniani kote vilikuwa kama 18,500. Kanda ya Afrika ya shirika hilo, yenye mamia ya mamilioni ya watu, ilikuwa imeripoti visivyofika 200. Ungesoma takwimu hizo ungesema ugonjwa ulitupitia mbali. Lakini mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) walichapisha makadirio kwamba mwaka wa kwanza uliua kati ya watu 151,700 na 575,400, na kwamba zaidi ya nusu yao huenda walikuwa Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki. Wanne kati ya kila watano walikuwa hawajafikisha miaka 65. Wazee wengi walikuwa na kinga kiasi, kwa kuwa ujanani walishakutana na jamaa wa virusi hivyo. Waliopigwa ni vijana, watoto na wajawazito.

Vifo hivyo vilikwenda wapi? Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwishoni mwa Juni 2009, mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa Kisumu, na alipatikana kwa sababu alitafutwa. Kumthibitisha mtu mmoja kunataka kijiti cha pamba kiingizwe puani mpaka nyuma, kitiwe kwenye kichupa chenye maji maalumu, kifungwe kwenye kasha la barafu na kifike maabara kuu kabla barafu haijayeyuka. Zahanati ya kijijini haina kijiti, haina barafu, na pikipiki ya kupeleka sampuli iko gereji. Mwenye homa anapimwa malaria. Akikutwa hana, anapewa antibiotiki na panadol, anarudi nyumbani. Akifa, inaandikwa nimonia, au haiandikwi kitu. Anayetuambia Waafrika walitishwa bure na mafua yale atuonyeshe kwanza daftari alilohesabia.

Virusi vya 2009 havijaondoka. Vimekuwa sehemu ya mafua ya kawaida ya kila mwaka, ambayo kwa makadirio ya WHO huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka, na hakuna anayefunga shule kwa ajili yao. Mlipuko mwingine utakuja na utakuwa na jina la kutisha. Serikali zetu zisishike panga la kuchinja mifugo kabla maabara hazijasema mnyama gani anaambukiza. Zinunue vijiti na makasha ya barafu sasa, wakati hakuna anayepiga kelele. Nawe msomaji, ukiwa na mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa wa pumu nyumbani mwenye homa na kikohozi, kipimo cha malaria kikaonyesha hana, naye anapumua kwa shida au mbavu zinabonyea akivuta pumzi, usikubali kurudi naye nyumbani na panadol peke yake. Mpeleke penye oksijeni siku hiyohiyo.