Kuukomboa Wakati: Mwanafunzi Mkristo na Saa Zake Chuoni

Katika vyuo vikuu vya Kenya, juma linalotangulia mitihani lina sura yake. Maktaba iliyokuwa na viti vitupu muhula mzima hujaa hadi vidatoni, foleni hurefuka kwenye vibanda vya kutolea nakala, na mikutano ya maombi huongezeka maradufu. Mwanafunzi Mkristo ambaye hakukifungua kitabu cha isimu kwa wiki kumi na mbili humlilia Mungu amkumbushe yale ambayo hakuyasoma. Yupo pia mwenzake ambaye kosa lake linatoka upande wa pili. Huyu ni mwimbaji wa kwaya, katibu wa kamati na kiongozi wa kikundi cha kujifunza Biblia, naye huona kuwa kila saa anayoitumia kuchambua riwaya ni saa aliyompunja Mungu. Wawili hawa huonekana kama wapinzani, ilhali msingi wa kosa lao ni mmoja. Wote huamini kuwa siku imegawika mafungu mawili, la Mungu na la masomo. Fikra ya Kikristo kuhusu wakati haianzii hapo.

Aghalabu hoja hii hujengwa juu ya sura ya tano ya Waraka wa Paulo kwa Waefeso, pale waumini wanapohimizwa kuukomboa wakati. Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, waliteua kitenzi ambacho mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kukitazama kwa makini. Hawakusema kutumia wala kutunza. Kukomboa ni kukirejesha kwa malipo kitu kilichokuwa mikononi mwa mwingine. Mateka hukombolewa, shamba lililowekwa rehani hukombolewa, na pasipolipwa chochote hapana kilichokombolewa. Kigiriki cha Paulo kina taswira iyo hiyo, kwani ndani ya kitenzi exagorazo mna neno agora, yaani soko. Kwa hivyo swali la kwanza la mwanafunzi halihusu pa kuupata muda, bali linahusu atakacholipa ili aupate. Saa mbili za kusoma tamthilia hulipiwa kwa mpira wa kwenye televisheni, kwa gumzo la simu lisilokwisha, na mara nyingine, kama itakavyobainika, kwa mkutano mwema kabisa wa kidini. Tena si yeye pekee anayelipa. Nyuma ya karo yake mna ng'ombe aliyeuzwa, harambee iliyofanyiwa kanisani, au mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ambao utamfuata hadi kazini.

Lipo jambo jingine ambalo Kiswahili humfunulia msomaji wake bila taabu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya ishirini, mwenye shamba la mizabibu anaajiri vibarua alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Msomaji wa Kiingereza huhitaji tanbihi ili aelewe kwamba saa ya kumi na moja ilikuwa jioni, zikiwa zimebaki takriban dakika sitini jua litue. Mswahili huijua mara moja, kwa sababu saa zake nazo huhesabiwa tangu macheo. Vivyo hivyo, katika mazoea ya pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi, yaani usiku huutangulia mchana wake. Kitabu cha Mwanzo nacho huzihesabu siku za uumbaji kwa kutanguliza jioni kabla ya asubuhi. Kwa mtazamo huu usingizi si makombo ya siku iliyokwisha, bali ni kipande cha kwanza cha siku inayoanza. Anayelala saa nane za usiku akidhani ameirefusha Jumatatu, kwa hakika ameikata Jumanne kichwa.

Hapa huzuka pingamizi ambalo wanafunzi hulitoa kwa mzaha wa nusu ukweli, kwamba mpango wa saa ni jambo la Wazungu na kwamba Mwafrika ana saa zake. Mara nyingine jina la John Mbiti hutajwa kama shahidi. Mbiti, mwanateolojia na kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani aliyefariki mwaka 2019, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba wakati wa jadi ya Kiafrika una Sasa na Zamani, na kwamba mustakabali wa mbali haupo takriban kabisa. Maneno hayo mawili aliyaazima kutoka Kiswahili, japo ushahidi wake wa kisarufi ulitegemea Kikamba na Kikuyu. Dai hilo limepingwa na wengi, akiwemo mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana, na Kiswahili chenyewe hakiliungi mkono, kwani lugha iliyo na kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo haikuishiwa na pumzi mlangoni pa siku ya leo. Muhimu zaidi ni kwamba Mbiti hakuutetea uzembe. Alieleza kuwa mtu aliyeonekana na mgeni ameketi bure huenda alikuwa akiungoja wakati au akiuumba. Mwanafunzi anayefika mhadharani dakika arubaini baada ya kuanza haungoji wala hauumbi. Wenzake ndio waliomngoja.

Kielelezo kinachowagusa wanafunzi moja kwa moja kilitokea katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mnamo mwaka 1729. Charles Wesley, aliyekuwa mwanafunzi, alianza kukutana na wenzake wachache kwa ajili ya masomo na sala, na nduguye John, aliyekuwa mwalimu katika mojawapo ya kolegi za chuo hicho, akarejea mwaka huo na kukiongoza kikundi. Walisoma Agano Jipya la Kigiriki pamoja na waandishi wa kale, wakafunga kula Jumatano na Ijumaa hadi saa tisa alasiri, na kuanzia mwaka 1730 wakawa wakiwatembelea wafungwa. Kila jambo lilipangiwa saa yake. John aliweka shajara ambayo baadaye ilirekodi hata saa moja moja na alichokifanya ndani yake. Wanafunzi wengine waliwacheka, wakawabandika jina la Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu. Kejeli hiyo ikageuka kuwa jina la dhehebu. Wamisionari wa dhehebu hilo walifika pwani ya Kenya mwaka 1862 na kuweka kituo Ribe, karibu na Mombasa, na jina lilo hilo limo leo katika Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichopata hati ya kujitawala mwaka 2006. Wachache hukumbuka kwamba asili yake ni ratiba ya wanafunzi.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kwa sifa tupu, na hapo ndipo inapopotosha. William Morgan, mmoja wa wanakikundi wa kwanza na ndiye aliyewashawishi wenzake waingie gerezani kuwaona wafungwa, aliugua na kufariki mwaka 1732. Uvumi ulienea kwamba mifungo mikali ndiyo iliyomwua, na John Wesley akalazimika kumwandikia baba yake barua ndefu ya kujitetea. Mwaka 1735 mwanakikundi mwingine, George Whitefield, alijinyima chakula na kujitesa kwa baridi hadi akaugua kwa majuma kadhaa. Hata kama ugonjwa wa Morgan ulikuwa na chanzo kingine, jambo moja ni bayana. Utaratibu uliobuniwa ili uutumikie uhai unaweza kuanza kuula uhai huo. Wesley mwenyewe, katika mahubiri yake ya mwaka 1782 kuhusu kuukomboa wakati, alishughulikia hasa usingizi, akasimulia jinsi alivyoisogeza nyuma saa yake ya kuamka hatua kwa hatua hadi ikawa saa kumi alfajiri, na akashikilia kuwa mwanamume mwenye afya huhitaji zaidi kidogo ya saa sita. Wanaomwiga husahau kwamba aliyafikia hayo kwa kuujaribu mwili wake mwenyewe, wala si kwa kufuata saa ya jirani. Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza saa saba au zaidi kwa watu wazima.

Hesabu ya mwanafunzi ianzie hapo basi. Juma lina saa 168. Usingizi wa saa saba kila usiku huchukua 49. Kozi sita za saa tatu tatu ni 18. Akijisomea saa mbili kwa kila saa ya mhadhara, ni 36 nyingine. Kula, kuoga, kufua na mwendo wa kwenda na kurudi, tuseme saa tatu kwa siku, ni 21. Jumla ni 124, na zilizosalia ni 44. Ibada ya Jumapili, mkutano wa jioni mmoja, kikundi cha Biblia na mazoezi ya kwaya, hata vikikadiriwa kwa ukarimu, havizidi 15. Yaani ibada na masomo havikugombania kitu. Saa 29 zilizobaki ndizo zinazopotea bila jina, nusu saa hapa na robo saa pale, na ndizo zinazokombolewa kwanza.

Mambo hubadilika pale mtu mmoja anapokusanya nyadhifa tano. Huyu hana saa za kukomboa. Kila moja imeshauzwa, tena kwa jina la Mungu, na ndiyo maana ni vigumu kumshauri. Hata hivyo, Biblia ina shauri lililowahi kutolewa kwa mtu wa namna yake. Katika Kutoka sura ya kumi na nane, Yethro anamkuta mkwewe Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni peke yake. Hamsifu. Anamwambia kwamba atajichosha yeye na watu anaowahudumia, kisha anamshauri ateue wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Kuhusu kukubali wadhifa mpya, Luka sura ya kumi na nne ina mfano wa mjenzi anayeketi kwanza kukadiria gharama ya mnara. Mwanafunzi wa mwaka wa nne mwenye tasnifu mkononi, anayeombwa aongoze safari ya injili wiki mbili kabla ya kuiwasilisha, ana haki ya kuketi kwanza.

Inasalia siku ya pumziko, ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa anasa ya waliomaliza kazi. Amri haikungoja kazi ikamilike. Kazi ya mwanafunzi haikamiliki kamwe. Ilichora mpaka, na mpaka huo ndio unaozipa siku sita umbo. Wanaolijua hili vyema pengine ni Waadventista Wasabato, ambao siku yao huingia Ijumaa jua linapotua, kwa hesabu ile ile ya jioni kutangulia asubuhi. Mhadhiri akitoa zoezi la ushairi Jumatano, la kuwasilishwa Jumatatu asubuhi, mwanafunzi Msabato hawezi kujidanganya kwamba ana wikendi nzima mbele yake. Ana Alhamisi, ana Ijumaa hadi magharibi, kisha kitabu hufungwa, simulizi za darasani hukoma, na nguo za ibada hupigwa pasi kabla giza halijaingia. Jumamosi jua likishatua, kitabu hufunguliwa tena.