Mguu Kwanza: Kumshika Ndege Mbuai Bila Kuumia

Silaha kuu ya ndege mbuai ni mguu, wala si mdomo. Mdomo huchana nyama; kinachoua kwa kawaida ni vidole vinne vyenye makucha. Kano za vidole hivyo zina vinundu vinavyojifunga ndani ya ala zake, hivyo tai akishafumba mguu hubana kwa muda mrefu bila kuchoka. Anayevuta mkono kwa hofu hujichana zaidi. Dawa yake ni kutulia, kuunyoosha mguu wa ndege ili vidole vilegee, kisha kutoa ukucha mmoja mmoja, kwa kuanzia ule wa nyuma.

Misitu ya Tshopo, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina tai mwenye kishungi, mwindaji wa kima na paa, ambaye jike lake huweza kupita kilo 4. Juu ya Mto Kongo huruka furukombe, na mwewe huzunguka juu ya makazi ya watu. Watafiti wa wanyama Herbert Lang na James Chapin walizuru misitu ya kaskazini-mashariki ya Kongo kuanzia 1909 hadi 1915, na Chapin akaandika juzuu nne kuhusu ndege wa nchi hii. Kazi hiyo kubwa ilitegemea zaidi ndege waliouawa na kuhifadhiwa ngozi. Kumshika ndege aliye hai, aliyenaswa mtegoni au kupigwa manati, ni elimu nyingine kabisa, na inastahili kufundishwa kwa bidii ileile.

Ndege hufunikwa kwanza kwa kitambaa kizito, kichwa na mabawa pamoja, kwa sababu giza humtuliza haraka. Mikono hupita chini ya kitambaa na kutafuta miguu kabla ya kitu kingine chochote. Kila mguu hushikwa juu kidogo ya vidole, kidole kimoja cha mshikaji kikiwa katikati ili miguu isisuguane. Mabawa hukunjwa ubavuni, na makucha huelekezwa mbali na uso wa mshikaji na wa msaidizi wake. Kifua kisibanwe kamwe: ndege hana kiwambo, hupumua kwa kusogeza mfupa wa kifua, na akikazwa hapo hufa kimyakimya mikononi mwa mtu anayedhani ametulia.

Glavu nene za ngozi zinazofika kwenye kiwiko ni za lazima kwa tai. Kwa ndege mdogo huwa hatari, kwani mshikaji hahisi anavyombana. Ni vyema mwanafunzi aanze na kuku, aende kwa mwewe, na tai awe wa mwisho. Katika joto la Kisangani, mji mkuu wa Tshopo, ndege anayehema mdomo wazi huwekwa mara moja kwenye boksi lenye matundu, kivulini. Asimiminiwe maji kooni.

Jeraha la ukucha ni jembamba lakini lenye kina, na huziba likiwa na uchafu wa nyama ndani. Huoshwa kwa sabuni na maji mengi, kisha mgonjwa huenda zahanati kuulizia chanjo ya pepopunda. Ndege aliyeokotwa akiwa dhaifu bila jeraha ni wa kuogopwa zaidi: mafua ya ndege yalithibitishwa Ituri, jirani ya Tshopo, mwaka 2017. Huyo haguswi kwa mikono mitupu; daktari wa mifugo huitwa kwanza.