ELIMU YA KOMPYUTA: TUSILIPIE KINACHOTOLEWA BURE

Ndugu wafanyakazi wa Jinja na Mbale,

Wako vijana wetu wanaotaka kujifunza PHP, lugha ya kompyuta ya kutengenezea tovuti, na wako watu wanaowauzia masomo kwa fedha nyingi. Tahadharini! PHP yenyewe ni bure, na kitabu chake cha mwongozo hutolewa bure na watengenezaji wake katika php.net. Kitabu chote chaweza kupakuliwa mara moja, kisha kikasomwa bila intaneti. Basi changeni fedha za bando moja, pakueni, mgawane kwa flashi.

Somo la kulipia likagueni kwanza. Likifundisha amri ya mysql_connect, liacheni: amri hiyo iliondolewa katika PHP 7 mwaka 2015. Jasho la mfanyakazi lisinunue elimu iliyokwisha kufa.

Umoja ni nguvu!