Shampeni ina wenyewe

IKIWA umewahi kualikwa kwenye arusi mjini, bila shaka umeiona ile chupa inayotikiswa mpaka kizibo kinaruka na povu linawalowesha waliokaa karibu. Msimamizi wa sherehe hutangaza kwamba hiyo ni shampeni. Mara nyingi, msomaji, siyo. Huwa ni mvinyo wa povu kutoka kwingineko, au maji ya zabibu yaliyotiwa gesi kwa ajili ya wasiokunywa pombe.

Shampeni yenyewe ina kwao. Champagne ni sehemu ya kaskazini mashariki mwa Ufaransa, yapata kilomita 150 kutoka Paris, na miji inayovuma kwa biashara hii ni Reims na Épernay. Ni nchi ya baridi, na udongo wake umelalia mawe meupe ya chaki. Baridi hiyo ndiyo iliyozaa povu. Zamani mvinyo ulianza kuchachuka baada ya mavuno, kisha baridi ikaunyamazisha kabla sukari haijaisha. Joto liliporudi, uliamka tena na kutoa gesi, na ikiwa tayari umetiwa chupani, gesi haikuwa na pa kutokea. Chupa zikapasuka ovyo.

Huenda umesikia kwamba aliyebuni shampeni ni mtawa Dom Pérignon. Usiamini. Mtawa huyo alisimamia mvinyo wa nyumba ya watawa ya Hautvillers tangu 1668 hadi alipofariki 1715, na alikuwa hodari wa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali, lakini povu alijitahidi kulizuia!

Anayestahili sifa zaidi, kwa maoni yangu, ni mjane. Barbe-Nicole Clicquot alifiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na umri wa miaka 27, akakataa kuiacha biashara ife. Wakati huo shida kubwa ilikuwa mashapo ya hamira, ambayo yaliufanya mvinyo uonekane kama maji ya mto baada ya mvua. Yapata mwaka 1816, katika maghala yake, meza ilitobolewa matundu, chupa zikatumbukizwa shingo chini na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka uchafu wote ukateremka kwenye kizibo. Kizibo kilipofunguliwa, gesi iliutupa nje. Njia hiyo ingali inatumika.

Siku hizi sukari na hamira hutiwa chupani makusudi, na sheria haikubali chupa iuzwe kabla ya miezi 15. Nguvu ya gesi iliyomo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya gurudumu la gari. Kwa hivyo usiitikise, wala usiielekeze usoni mwa mtu.

Lakini kisa ambacho mgeni haambiwi upesi ni cha wakulima. Mwanzoni mwa karne ya 20 wadudu waitwao filoksera walikuwa wakishambulia mizizi ya mizabibu, na mavuno ya 1910 yalikuwa haba mno. Ajabu ni kuwa baadhi ya wafanyabiashara hawakupungukiwa na mvinyo wa kuuza. Walikuwa wakileta zabibu na mvinyo wa bei rahisi kutoka pande nyingine za Ufaransa na kuupa jina la Champagne, huku mkulima wa pale akikosa hata pesa ya kulipa madeni. Mkulima wa kahawa wa Nyeri hahitaji kuelezwa uchungu huo. Januari 1911 wakulima walivamia maghala na kumwaga mvinyo katika mto Marne. Aprili, mjini Aÿ, majengo ya wafanyabiashara yakatiwa moto, na serikali ikaleta majeshi.

Mzozo wa mipaka ya Champagne haukutulia mpaka sheria ya 1927. Tangu hapo jina hilo hulindwa kama mboni ya jicho. Kampuni ya Yves Saint Laurent ilipotoa manukato yaitwayo Champagne mwaka 1993, mahakama ya Paris ililipiga marufuku jina hilo, na manukato yakabatizwa upya.

Ukijaliwa kufika Reims, utaonyeshwa mashimo ya chaki yaliyochimbwa enzi za Warumi, ambamo chupa hulazwa gizani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wakazi walijificha chini ya ardhi humo mizinga ikinguruma juu, na watoto wakasomea humo humo.

Na ukiiona chupa dukani, isome kabla ya kutoa pesa. Kwenye karatasi yake utakuta herufi ndogo mno. NM ni kampuni ambayo huweza kununua zabibu kwa wakulima. RM ni mkulima aliyetengeneza mvinyo kwa zabibu za shamba lake mwenyewe, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ya majina makubwa.