Cheo ni Dhamana

Mtu asimamaye Yaeda Chini, bonde la Wahadzabe katika wilaya ya Mbulu, akielekeza uso kusini-mashariki, huko ndiko uliko Mlima Hanang. Katika nchi ya mlima huo alizaliwa mwaka 1950 mtu ambaye habari zake yafaa zisomwe na vijana wetu, naye ni Frederick Sumaye.

Alisomea uhandisi wa kilimo katika Chuo cha Egerton, nchini Kenya. Kisha watu wa Hanang wakamchagua kuwa mbunge wao. Akawa naibu waziri, halafu waziri wa kilimo. Novemba 1995 Rais Benjamin Mkapa alimteua kuwa Waziri Mkuu, na kazi hiyo akaishika kwa miaka 10. Ni katika muda huo, mwaka 2002, mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, na Mbulu na Hanang zikawa ndani yake.

Je, baada ya kupanda, ilikuwaje? Mwaka 2005 alikiomba chama chake, CCM, kimsimamishe kugombea urais. Akasimamishwa Jakaya Kikwete. Mwaka 2012, huko huko Hanang, aliomba ujumbe wa Halmashauri Kuu ya chama, akashindwa na Mary Nagu, waziri wakati huo, aliyekuwa amerithi kiti chake cha ubunge. Mwaka 2015 alihamia upinzani, na Februari 2020 akarejea CCM. Wako waliomlaumu, na wako waliomtetea. Sisi hatuandiki haya ili kumhukumu.

Twataka jambo moja tu lionekane. Katika ahadi za mwanachama wa TANU lilikuwamo neno hili, kwamba cheo ni dhamana. Dhamana ina mwenyewe, naye aweza kuidai siku yoyote, hata kwa mtu aliyezaliwa naye kijiji kimoja.

Lakini elimu haipigiwi kura. Alipotoka madarakani, mtu huyu aliyewaongoza mawaziri wote alikwenda kuketi darasani katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akahitimu mwaka 2007, hali umri wake umepita miaka 55.

Basi, enyi wazazi, mtoto akisema ataka kuwa waziri, msimkataze. Muulizeni kwanza atakuwa anajua kazi gani siku uwaziri utakapokwisha.