Jina la babu si lazima liwe la damu yake

Katika familia nyingi za Tabora hakosekani babu anayesemekana alitoka ng'ambo, na jina ndilo huletwa kuwa shahidi. Lakini majina yaliyopita katika njia ya misafara yana hila.

Mtazame Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884. Alizaliwa akiitwa Mtyela Kasanda. Mirambo, yaani maiti, ni jina la vitani. Tippu Tip naye, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alisimulia mwenyewe kuwa aliitwa hivyo kwa mlio wa bunduki zake. Jina lake ni Hamed bin Muhammed, na el Murjebi ndilo la ukoo.

Hata la ukoo lina mtego. Watumwa waliotekwa Manyema na kupitishwa Ujiji hadi Tabora walipewa majina mapya, na wako waliochukua hata ukoo wa bwana. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, majina yakabaki. Hivyo anayejivunia nasaba ya Uarabuni huenda ni mjukuu wa mtumwa wa nyumba hiyo, wala si aibu yake.

Basi anayetafuta asili yake na aanze kwa bibi: alizaliwa wapi, na watoto aliwabembeleza kwa lugha gani?