Ewe mfupi, baiskeli isikuumize

Je, wewe hushuka baiskeli magoti yakiuma na shingo ikiwa imekakamaa? Huenda huna ugonjwa wowote. Huenda baiskeli yenyewe si ya kimo chako.

Wengi huko Thika na Ruiru hununua baiskeli za mitumba ama hurithi "Black Mamba" ya mzee. Fremu zake mara nyingi ni kubwa, za inchi 22 au zaidi, yaani kama sentimita 56. Matatu ikikukata njia kando ya Thika Road nawe ukalazimika kusimama ghafla, mguu haufiki chini. Utaangukia chuma cha juu, ama utaangukia upande wa magari.

Kwa hivyo jipime kabla ya kutoa pesa. Vua viatu, egemea ukuta na ubane kitabu kati ya mapaja, juu kabisa. Mtu apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kipimo hicho kwa 0.67. Mwenye sentimita 70 atapata karibu 47. Hicho ndicho kimo cha fremu kinachomfaa, kuanzia katikati ya ekseli ya pedali hadi chuma cha juu, ikiwa chuma hicho kimelala sawa.

Halafu simama ukiwa umeipanua miguu juu ya chuma hicho, nyayo zote chini. Pasipobaki nafasi ya sentimita mbili au zaidi, iache hata kama bei ni nzuri.

Tazama pia umbali wa usukani. Ukiwa mbali, mgongo utavutika na mikono itakufa ganzi. Usisukume kiti mbele ili kuufikia, kwani utaonea magoti. Mwambie fundi akuwekee shingo fupi ya usukani.

Mwisho ni kiti. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, goti huuma kwa mbele. Kikiwa juu mno, huuma kwa nyuma na kiuno huyumba.

Ukirekebisha haya yote na maumivu yaendelee, usimeze dawa kiholela. Mwone daktari.